Motokaa Mbili Katika Mlima wa Sekenke

Msafiri atokaye Singida kwenda Nzega huteremka mlima wa Sekenke kabla ya kuingia Shelui, na mbele yake mbuga ya Wembere huonekana imetandazwa kama jamvi. Wajerumani waliujua mlima huo kwa dhahabu, ile iliyopigwa sarafu za rupia 15 huko Tabora mwaka 1916. Madereva waliujua kwa hofu. Kwa hiyo hapana mahali pafaapo kuliko hapo pa kupimia Peugeot 404, iliyotokea Ufaransa mwaka 1960, na Toyota Mark II ya GX110, iliyotokea Japani mwaka 2000.

Zote mbili husukumwa na magurudumu ya nyuma. Injini hukaa mbele, na nguvu yake hupita katika mhimili mrefu chini ya sakafu mpaka kwenye difu. Katika kupanda, uzito wa motokaa hurudi nyuma ukayakandamiza magurudumu yale yale yafanyayo kazi. Mvua ikinyesha mbugani faida hiyo hugeuka hasara: udongo mweusi huwa kama sabuni, mkia huhama njia, na dereva asiye na subira hujikuta anatazama alikotoka.

Injini ya 404 ilikuwa ya silinda nne, imelazwa upande. Haikuwa na mbio za kutisha, lakini ilikuwa na moyo. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Na Bert Shankland, aliyeiendesha kwa ushindi mwaka 1966 na 1967, alikuwa mkazi wa Tanzania. Nani asingesifu chombo cha namna hiyo?

Mark II ina silinda sita, tena ni kimya, na gia zake hujibadili zenyewe. Hapo ndipo penye hatari. Dereva wa 404 hakuwa na budi kuchagua gia kwa mkono, kwa kijiti kilichokuwa ubavuni mwa usukani. Alipofika ukingo wa Sekenke aliingiza gia ya pili, injini ikaizuia motokaa, breki zikabaki baridi. Dereva wa Mark II akiacha kijiti penye D, motokaa hushuka ikizidi kasi, naye hukanyaga breki mpaka zikachemka na mguu ukazama bila kushika kitu. Chombo hakistahili lawama, maana kijiti hicho kina mahali pa gia ndogo. Raha ndiyo imsahaulishayo mtu kukisogeza.

Kwa upande wa ufundi, kabureta ya 404 ilifunguliwa chini ya mti, ikapulizwa kwa kinywa, safari ikaendelea. Mark II hutawaliwa na kompyuta, na ugonjwa wake mara nyingine hutaka chombo cha kuupima. Lakini kwa vipuri shauri limekwisha: vya Mark II huuzwa madukani mijini, na vya 404 hutafutwa katika mizoga.