Maji Kwanza, Nyundo Baadaye

Kazi ya ngozi nilijifunza katika soko la Kariokor, Nairobi, mwaka 1994, nikiwa na miaka kumi na tisa. Soko hilo lilirithi jina la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na ukilikaribia unasikia nyundo kabla hujaziona ndara. Mzee aliyenipokea hakuwa mtu wa maneno. Miezi minne nilifagia, nikapaka gundi, nikatia uzi nta. Nikiomba kisu, ananijibu, "Tazama kwanza, kijana." Nikatazama.

Miaka ilipopita nikaombwa kuwafundisha vijana tisa katika ukumbi mmoja wa Eastlands, nami nikafundisha nilivyofundishwa. Ngozi nzuri niliwanyima. Niliona ni hasara kuitia katika mkono wa mwanagenzi. Niliwapa mabaki niliyookota kwa mafundi viatu, nikawaonyesha jinsi ya kusimamisha chapa ya chuma na kuigonga mara moja. Waligonga. Ua lilitokea, kisha likafifia. Kijana mmoja mtulivu, wa miaka kumi na sita, alirudia ua lile lile mara ishirini. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Wewe huna mkono wa kazi hii." Wiki iliyofuata hakuja, na sikumwona tena.

Aliyenifumbua macho ni fundi wa kiwanda cha kusindika ngozi. Alichukua kimoja cha vile vipande, akakikata ukingo, akanionyesha rangi ya ndani: kijivu cha kuelekea buluu. Hiyo ni ngozi ya kromu. Ni laini, inafaa sana kwa viatu, lakini ukiikandamiza inainuka tena. Ngozi inayoshika nakshi ni ile iliyosindikwa kwa magome, kama ya muwati, mti uliotoka Australia ukazoea nyanda zetu za juu. Ukiikata, ndani ni kahawia. Nayo haigongwi kavu. Kumbe mtoto wa watu alikuwa akigonga sawasawa. Mimi ndiye niliyempa ngozi isiyoshika, kisha nikamlaumu yeye.

Tangu siku hiyo somo langu linaanza na maji. Tunapitisha sponji upande wa juu wa ngozi mpaka inakolea rangi, halafu tunasubiri. Vijana hawapendi kusubiri, kwa hiyo nawapa kazi: kila mmoja aweke kipande chake shavuni. Rangi ikianza kurudi ilivyokuwa, lakini shavu bado linahisi ubaridi, wakati umefika. Ukiwahi, nakshi inavimba na kupoteza kingo. Ukichelewa, chapa haizami. Samaki mkunje angali mbichi, na ngozi vivyo hivyo. Chini tunaweka kipande cha marumaru ili pigo lisipotelee mezani, na nyundo ni ya mti, maana ya chuma huharibu vichwa vya chapa.

Ngozi nzuri wanaipata siku ya kwanza. Ni ghali, basi naikata vipande vidogo vya kuning'iniza funguo. Mwaka jana binti mmoja alipinda chapa kwenye petali ya tatu. Zamani ningempokonya nyundo. Safari hii nilifunga mikono nyuma, nikamwambia tu, "Alama haifutiki, binti yangu. Itafutie wenzake." Akafikiri, akazipinda na zilizobaki, ua likawa kama linapepewa na upepo wa upande mmoja.

Kipande cha yule kijana bado ninacho. Kwa macho ya haraka ni kitupu. Lakini jua la jioni likikipiga ubavuni, vivuli vya maua vinaonekana, ishirini kamili, na nafasi kati ya ua na ua ni ile ile kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkono alikuwa nao.