Umeme wa Karatu na TANESCO Iliyokaribia Kuuzwa

Vijana wa Karatu waliozaliwa baada ya mwaka 2006, ambao hununua umeme kwa simu na kuingiza tokeni, yaani zile tarakimu 20 za malipo, kwenye mita bila kutoka nje ya nyumba, wengi wao hawajui kwamba shirika linalowauzia umeme huo, TANESCO, liliwahi kukabidhiwa kwa kampuni ya kigeni na kuwekwa kwenye orodha ya mali za kubinafsishwa. Kutojua huko kunasikitisha, kwa sababu mtu asiyejua kwamba mali yake ilikaribia kumtoka hana namna ya kuilinda.

Uzito wa jambo hili hauonekani pasipo kuikumbuka Karatu ya kabla ya nguzo za umeme, wakati mji ulipokuwa bado chini ya Wilaya ya Mbulu, na barabara ya kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu ilikuwa vumbi jekundu wakati wa kiangazi na tope zito wakati wa masika. Nyumba nyingi ziliwasha koroboi, yaani kikopo chenye utambi usiofunikwa. Wenye nafuu walikuwa na taa ya chemli, ambayo mwali wake hukingwa kwa kioo, na karabai, ile taa ya kupigwa pampu, ilitolewa zaidi kwa harusi na misiba. Mwanga wa mji ulikuwa mikononi mwa mwenye duka. Pipa lake la mafuta ya taa lilikaa kwenye kona, nyuma ya magunia ya mbaazi, na ukingoni mwake kilining'inia kikopo cha kupimia chenye mpini mrefu wa waya. Mtoto aliyetumwa dukani alifika na chupa iliyozibwa kwa gunzi la hindi. Mwenye duka akachomeka faneli ya bati, akamimina taratibu hadi chini ya shingo ya chupa, akasubiri tone la mwisho lidondoke, akafuta vidole kwa kipande cha gazeti, kisha kwa vidole hivyohivyo akafunga sukari ya robo kilo. Harufu ya mafuta ilikuwa kwenye sukari, kwenye sabuni, kwenye noti za chenji na kwenye madaftari, na wanafunzi waliosoma usiku waliamka na masizi puani. Lori likikwama njiani, bei ya chupa ilipanda siku hiyohiyo. Upande wa juu, kwenye kingo za kreta ya Ngorongoro, hoteli za watalii ziling'aa kwa jenereta zao zenyewe, huku maboma ya Wamaasai yakikaa gizani.

TANESCO, iliyotarajiwa kuondoa giza hilo, ilianza mwaka 1931 kama kampuni binafsi ya Tanganyika, serikali ikainunua mwaka 1964, na jina la sasa likafuata mwaka 1968. Mwaka 1997 iliingizwa kwenye mpango wa ubinafsishaji uliosimamiwa na Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, na Mei 2002 uongozi wake ulikabidhiwa kwa NETGroup Solutions ya Afrika Kusini kwa mkataba wa menejimenti, yaani mpango ambao mgeni huendesha shirika ilhali hisa zinabaki kwa serikali. Wafanyakazi walipinga, na mameneja wapya waliingia makao makuu wakisindikizwa na polisi wenye silaha. Ni haki kusema kwamba makusanyo yaliongezeka sana, kwa kuwa wadaiwa sugu, zikiwemo taasisi za serikali, walikatiwa umeme bila kuonewa haya. Lakini kukusanya madeni kwa wenye mita ni kazi moja, na kumfikishia nguzo asiye na mita ni kazi nyingine, na mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, wilayani Karatu, hakuwa na deni la kukusanywa.

Mkataba ulimalizika Desemba 2006 bila kuongezwa tena, na wazo la kuiuza TANESCO nalo liliachwa. Uganda, ambayo usambazaji wa umeme wake ulikabidhiwa kwa kampuni ya Umeme mwaka 2005 kwa miaka 20, ilisubiri hadi mwaka 2025 ndipo shirika la serikali, UEDCL, likaurudisha mikononi mwake.

Kwa upande wa Tanzania, baada ya mkataba wa NETGroup kumalizika mambo yalikwenda haraka. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi, ada ya kuunganishwa ikashushwa hadi shilingi 27,000 vijijini, na Loliondo, iliyokuwa mbali na gridi ya taifa, ilihudumiwa na TANESCO kwa kituo cha dizeli ambacho mfanyabiashara mwenye hesabu kali asingekitamani. Hata hivyo wapo vishoka, yaani mafundi wasiotambuliwa wanaowatoza watu kwa kazi isiyo yao. Upo ubishi wa wapi kijiji kinaishia na mji unaanza, kwa kuwa anayehesabiwa wa mjini hutozwa 320,960 hata kama mahindi yake yako nyuma ya nyumba. Na kukatika kwa umeme kumeendelea hata baada ya bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Mwaka 2025 serikali ilieleza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa kuwa mwingi hupotea njiani ukitoka kusini. Inaudhi kuona wateja wanapokea hali hii kimya, kama waliokuwa wakisubiri lori la mafuta.

Shirika likiwa la umma, wenye mali wana haki ya kupewa hesabu. Ofisi za umeme za Karatu na Ngorongoro zibandike mlangoni majina ya vijiji vinavyosubiri nguzo, tarehe ya kila kimoja, na sababu ya kila transfoma iliyokaa bila kutengenezwa. Na wananchi wazidai orodha hizo kwenye mikutano ya vijiji.