Hata Kailula Inataka Barakoa

Reading, Uingereza

Kaka,

Sauti aliyoirekodi shemeji usiku nimeisikiliza. Mkoromo wako naujua tangu tulipolala chumba kimoja Ngamiani, lakini safari hii nilitega sikio kwenye kile kimya kinachofuata. Unakoroma, unanyamaza kabisa, kisha unashtuka ukihema na kupaliwa. Hapo nyumbani watasema una usingizi wa pono, au jinamizi limekukaba. Mimi naona koo lako linajifunga, kwa maana langu nalo hujifunga, na ndiyo sababu nalala na mashine.

Mtu akilala, misuli ya koo hulegea, ulimi na nyama laini ya nyuma ya kaakaa vikarudi nyuma. Umewahi kunywa dafu kwa mrija laini, ukavuta kwa nguvu hadi kuta zake zikashikana? Basi koo hufanya vivyo hivyo. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, madaktari huhesabu tukio moja. Matukio 5 hadi 15 kwa saa ni hali nyepesi, yakipita 30 ni kali. Oksijeni inashuka, ubongo unakuamsha ili uvute hewa, unarudi kulala, na asubuhi hukumbuki lolote. Unachokumbuka ni kichwa kizito na usingizi unaokufuata hadi barabarani. Presha yako inayogoma kushuka huenda nayo ina mkono humo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kuwa karibu watu milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wana tatizo hili. Wengi wao hawajui.

Mashine yenyewe haina dawa ndani, wala haitoi oksijeni ya mtungi. Inavuta hewa ya chumbani, inaichuja na kuisukuma puani kupitia barakoa, kwa presha ndogo inayolizuia koo lisijifunge. Aliyeibuni ni Colin Sullivan, daktari wa Sydney, Australia, mwaka 1980, na mwaka uliofuata akaitangaza kwenye jarida la The Lancet. Kabla yake, mgonjwa mahututi wa maradhi haya alitobolewa shimo kwenye koromeo ili aweze kupumua. Kila nikimsikia mtu akilalamika kwamba barakoa inamharibia nywele, nawafikiria wale waliotobolewa.

Najua utaniuliza mtu analalaje na mpira usoni. Analala vizuri sana, akiandaliwa. Mikanda ya barakoa hupimwa ukiwa umeshajilaza na mashine inapuliza, si ukiwa umesimama mbele ya kioo, kwani uso hubadilika ukilala. Ukikaza mno unajichubua mwanzi wa pua, na hewa inavuja vilevile. Anayepumua kwa mdomo apewe barakoa inayofunika pua na mdomo. Mimi natumia ndogo inayokaa kwenye tundu za pua tu. Mpira naupitishia juu ya kichwa ili nigeuke bila kuukalia. Nalala ubavu, maana chali ndiko koo hujifunga zaidi. Mashine ina chombo cha maji kinachoipa hewa unyevu, la sivyo pua inakauka hadi inauma. Baridi ya hapa, Januari, hugeuza ule mvuke kuwa matone ndani ya mpira, kwa hiyo mpira naulaza ndani ya blanketi. Kwa joto la Tanga hutahitaji hilo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikuandikie: usingizi wa mchana. Naendesha basi la mjini kwa zamu iliyogawanyika, asubuhi na jioni, na katikati narudi nyumbani kujilaza. Wenzetu wengi huku, hasa wanaotunza wazee usiku kucha, wanaishi kwa usingizi wa mchana. Wenye tatizo hili wana mashine kitandani, lakini mchana wanajitupa kwenye kochi bila kitu usoni, eti ni nusu saa tu. Kaka, koo halitambui mchana na usiku. Dakika chache baada ya kusinzia linaweza kuanza kujifunga, na kwenye kochi ni hatari zaidi, kwa sababu kidevu huangukia kifuani na njia ya hewa inapinda. Ndiyo maana mtu anaamka kutoka kailula kichwa kinamgonga, akadhani kailula haimfai. Kailula ni sunna nzuri na mwili unaihitaji. Inayotakiwa ni pumzi ndani yake.

Kwa hiyo mchana napanda kitandani kabisa, navaa barakoa, naweka kengele ya dakika 20 au 30. Kuna jambo moja ambalo wengi hawaambiwi. Mashine nyingi huanza na presha ya chini na kuipandisha polepole ili usishtuke, na zipo zinazoweza kuchukua hadi dakika 45. Usiku hilo ni sawa. Mchana kailula nzima itaisha kabla presha haijafika panapohitajika, kwa hiyo muda huo ufupishwe. Na kwa anayeanza, mchana ndio wakati mzuri wa kuizoea: akae na barakoa macho wazi, asikilize redio, roho ikishatulia ajilaze.

Mashine niliazimwa bila malipo na NHS, huduma ya afya ya umma ya hapa, lakini sheria ya hapa ni kali. Dereva mwenye tatizo la kiwango cha kati au kikali, naye anasinzia mchana, lazima aijulishe DVLA, idara ya leseni, na asiguse usukani hadi tatizo lidhibitiwe kwa tiba. Nilikaa bila basi hadi kumbukumbu za mashine zilipoonyesha pumzi yangu imetulia. Iliniuma mfukoni, na bado naiona ni sheria ya haki.

Wewe unavuta lori lenye tela kutoka Tanga hadi Rusumo. Nikifikiria ile barabara kati ya Singida na Nzega saa 8 mchana, iliyonyooka, jua kali, nawe hukulala usiku, moyo unaniruka. Nenda hospitali ya Bombo wiki hii, kabla ya safari. Nenda na shemeji, yeye ndiye shahidi. Mpe daktari ile rekodi, na umwambie wazi kwamba unasinzia kwenye usukani, usimfiche. Gharama ya vipimo na mashine tutaibeba pamoja, hilo lisikuzuie. Zipo mashine ndogo za safari, na waya za kuzichomeka kwenye umeme wa gari, kwa hiyo hata ukijilaza kwenye kebini pale Kahama utalala na pumzi yako.

Nijibu ukishaonana na daktari. Mama mpe shikamoo yangu, na watoto wasalimie.

Mdogo wako