Ute wa Goti na Mzigo wa Njia

Goti ni mali isiyohesabiwa mpaka ipungue. Mwenye goti zima hana habari nalo. Mwenye goti bovu hana habari ya kitu kingine. Kati ya mfupa na mfupa pana gegedu, kitu cheupe chenye kuteleza, mfano wa kile tukionacho katika kiungo cha mguu wa kuku. Na kati ya gegedu na gegedu pana ute mchache, mzito kama ute wa yai. Nathubutu kusema machache juu ya ute huo, kwa kuwa maksai wawili wa mjomba wangu walikaribia kuuzwa kwa ajili yake.

Kwetu ni Tabora, mji ulioinuliwa kwa miguu. Kabla ya reli kufika mwaka 1912, bidhaa ya pwani na pembe ya bara zilipita kwa mabega na vichwa vya watu. Wanyamwezi walisifika kwa upagazi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na njia ilikuwa ndefu: Burton na Speke waliiacha pwani mwezi Juni 1857, wakaingia Kaze, ndiyo Tabora ya siku zile, mwezi Novemba. Wengine walibeba kwa ujira, wengine walitembea katika minyororo. Bei ya pembe iliandikwa. Maumivu ya magoti yaliyoileta hayakupata mwandishi.

Mjomba si mpagazi, ni mkulima wa tumbaku. Hata hivyo amebeba: kuni, magunia, maji, na miaka zaidi ya 70. Daktari alimwambia kwamba gegedu la magoti yake limelika. Kisha akasikia kwamba katika mji wa mbali yuko mganga wa kisasa atoaye damu ya mkononi, akaizungusha katika mashine, akaidunga gotini, gegedu likaota kama nyasi baada ya mvua. Gharama yake ilikuwa sawa na thamani ya maksai wawili. Ukoo ulikutana, na mzee akanigeukia: “Mpwa wangu, ulisoma kwa ng'ombe wa nyumba hii. Tuambie kama na hawa waliobaki waende.”

Swali hilo lilinilemea, maana kumwambia mgonjwa kwamba dawa anayoitamani haijathibitika ni kumpokonya kitu. Hata hivyo, kunyamaza kungalikuwa kumpokonya zaidi. Nilimweleza hivi.

Gegedu halina mshipa wa damu. Kidonda cha ngozi hupona kwa sababu damu hukifikia, ikaganda, ikaleta vya kujengea. Gegedu halipati msaada huo. Ndiyo maana William Hunter aliandika huko London mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Tangu hapo mabingwa wametafuta namna ya kulipelekea umajimaji wa kulifufua. Katika miaka ya 1980 Richard Steadman wa Marekani alitoboa vitundu katika mfupa ulio chini ya gegedu lililochubuka. Damu ya uboho ikatoka, ikaganda, ikazaa kovu. Kovu hilo hufunika jeraha, lakini lina nyuzi, wala halina uimara wa gegedu la asili. Wengine walitazama ute wenyewe. Uzito wake hutokana na asidi ya hayaluroni, ambayo Karl Meyer na John Palmer waliigundua mwaka 1934 katika jicho la ng'ombe. Baadaye ilitolewa katika upanga wa kichwani mwa jogoo, ikadungwa magotini.

Ama damu iliyozungushwa, chembe sahani zake zina vichocheo vya kuponya, na matumaini juu yake hayakuzuka bure. Lakini jaribio lililotangazwa Australia mwaka 2021 lilikuwa na wagonjwa 288: baadhi walidungwa damu hiyo, baadhi maji ya chumvi, wala hawakujua nani kapata nini. Baada ya miezi 12 hapakuonekana tofauti ya maana, si katika maumivu wala katika gegedu.

Je, ute hauna kazi? Unayo kubwa. Gegedu hula kwa ute. Likikandamizwa, umajimaji hutoka. Likiachiliwa, hunywa tena, kama sifongo. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu: goti litembealo kwa kiasi hulishwa, na goti lililaliwalo hukaukiwa. Mwendo si adui wa goti; adui ni mzigo uliopita kipimo.

Basi nikamwambia mzee kwamba maksai wale wana kazi bora kuliko kuuzwa. Walikuwa wakilima tu. Sasa wafungwe mkokoteni, wabebe kuni, maji na magunia, naye atembee mikono mitupu kila asubuhi, akayakaze mapaja yake kwa kuketi na kuinuka. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: “Kumbe dawa yangu inakula majani zizini.”

Sidai kwamba amepona. Gegedu lake halikuota, na siku za baridi bado hulishika goti kabla ya kusimama. Lakini hutembea mpaka shambani na kurudi, na maksai ni wake. Elimu iliyosomwa kwa ng'ombe haikuweza kumpa goti jipya. Iliweza kumwondolea mzigo begani, jambo ambalo wapagazi wengi wa njia ile hawakutendewa na mtu.