Njia Ndani ya Kichaka

Mtu aliyeshindwa hutafuta kwanza wa kulaumiwa, kisha sababu; na aghalabu akimpata wa kulaumiwa hajisumbui tena kuitafuta sababu. Mimi nilikuwa mtu wa namna hiyo. Nilitolewa katika ujinga huo na kitu ambacho watu wazima wengi hukidharau, yaani mchezo wa kompyuta.

Kwetu ni Itigi, katika mkoa wa Singida, mji wa reli ya kati ulio baina ya Manyoni na Tabora. Mji wetu umepakana na kichaka ambacho wataalamu wa mimea wamekiita kwa jina lake, kichaka cha Itigi. Si msitu wa miti mirefu. Ni vijiti na matawi ya kimo cha mita 3 hadi 5, yaliyosongamana hata mtu hawezi kupita wima. Kiangazi majani hupukutika, lakini kizuizi hubaki palepale. Namwomba msomaji akikumbuke kichaka hiki, kwa maana tutakirudia.

Katika likizo ya mwaka 2022 nilirudi nyumbani na kompyuta kuukuu yenye mchezo uitwao Football Manager. Asili yake ni kazi ya ndugu wawili Waingereza, Paul na Oliver Collyer, waliotoa mchezo wao wa kwanza wa aina hii mwaka 1992. Hauchezwi kwa wepesi wa vidole. Anayeucheza ni kocha: huchagua kikosi, hupanga safu, humgawia kila mtu kazi yake, kisha hukaa kando na kutazama amri zake zikitimizwa au zikiharibika. Usiku niliiongoza timu hiyo ya kompyuta. Jioni niliwaongoza vijana wa mtaani kwetu katika kiwanja cha vumbi.

Timu zote mbili ziliugua ugonjwa mmoja. Zilishambulia sana na hazikufunga. Wapinzani walijikusanya mbele ya lango lao wakatuachia mpira, nasi tukauchezea kama mtu azungukaye nyumba asiyoona mlango wake. Dawa yangu ilikuwa kuongeza washambuliaji. Niliweka wanne mbele, nikaamuru kila apataye nafasi apige golini, karibu au mbali. Katika kompyuta timu yangu ilipiga mashuti 24 bila bao. Katika kiwanja cha vumbi tulifungwa 1 kwa 0, kwa mpira mmoja mrefu uliowakuta mabeki wetu wawili peke yao.

Baada ya mechi hiyo nilimkaripia mshambuliaji wetu wa kati mbele ya wenzake. Nilimwambia kwamba yeye ndiye aliyetupoteza. Kijana hakujibu. Alivua viatu, ambavyo vilikuwa vya timu, akaviweka chini mbele ya miguu yangu, akaenda kwao pekupeku. Kesho yake hakuja mazoezini, wala kesho kutwa.

Usiku wa siku ya tatu niliusoma kwa utulivu ukurasa wa hesabu ambao nilikuwa nikiupita kwa haraka. Mchezo ule hulipa kila shuti thamani baina ya 0 na 1, kwa kadiri mashuti ya mahali na hali kama hiyo yanavyoingia. Penalti hupata zaidi ya 0.7, shuti la mbali lililozibwa na miguu ya watu hupata mia chache tu za moja. Mashuti yangu 24 yakijumlishwa hayakufika hata bao 1. Basi kwa nini nimlaumu mfungaji, ilhali hakuletewa kitu cha kufunga?

Nikaanza kupunguza. Mshambuliaji mmoja nilimrudisha nyuma awe kiungo. Yule wa kati nilimwamuru ashuke kuupokea mpira, ili beki amfuate na kuacha pengo, na winga aliingie pengo hilo. Mashuti ya mbali niliyakataza. Mechi iliyofuata tulipiga mashuti 11 tu, tukafunga mabao 2. Wala haukuwa uvumbuzi wangu. Tarehe 25 Novemba 1953, katika uwanja wa Wembley, Hungaria iliifunga Uingereza 6 kwa 3, na Nándor Hidegkuti, mshambuliaji wa kati aliyecheza nyuma ya mahali pake pa desturi, alifunga 3. Walinzi hawakujua wamfuate au wamwache.

Asubuhi nilikwenda kwa kina yule kijana. Nilimkuta babu yake akitengeneza mzinga wa nyuki. Nilimpa shikamoo, akaitika, akaniuliza haja yangu. Nilipomweleza habari za mabeki waliosongamana, alicheka.

"Mjukuu wangu," alisema, "kichakani hatuingii kwa wingi wa watu. Mkiwa wengi mnachomana miiba. Huingia mmoja aijuaye njia, wengine humngoja aite."

Kijana alipotoka nilimwomba radhi, nikamwonyesha katika karatasi mpango wangu mpya. Aliutazama kwa muda mfupi.

"Kaka, hilo nilikuwa nalijua," alisema. "Kila nilipopata mpira niliona migongo sita mbele yangu, na mitatu ilikuwa ya kwetu."

Neno hilo liliniuma kuliko kushindwa. Wachezaji wa kompyuta hawawezi kumwambia kocha aliyoyaona uwanjani. Ndiyo maana huandikiwa ukurasa wa hesabu. Huyu aliweza kuniambia, nami sikumwuliza. Nilikuwa nimekesha nikitafuta katika tarakimu jambo ambalo mtoto wa jirani alikuwa nalo kinywani siku tatu.

Kosa hili si langu peke yangu. Januari 2024, katika fainali za Mataifa ya Afrika huko Côte d'Ivoire, Taifa Stars ilifunga bao 1 katika mechi 3. Katika saa kama hiyo ni rahisi kulilia mfungaji. Ni vigumu zaidi kuuliza mpira ulimfikia mara ngapi, mahali gani, na nani alikuwa amemzibia njia.

Kijana alirudi. Mechi iliyofuata tulitoka sare ya 1 kwa 1. Bao letu alilifunga winga. Yeye alikuwa ameshuka hadi katikati ya uwanja, na beki wao alikuwa amemfuata. Waliolitazama walimsifu winga. Mimi nilimtazama yeye, naye alinitazama, akainama kufunga kamba za viatu vyake.