Tanuri la Saruji na Moto wa Umeme

Msomaji, tanuri la saruji si kama jiko la nyumbani, ambalo ugali ukishaiva huzimwa. Ni bomba la chuma, refu na pana, lililolazwa kwa mteremko na kujengewa matofali ndani. Huzunguka polepole usiku na mchana, na mawe ya chokaa na udongo yaliyomo hupikwa mpaka nyuzi 1,450 za Sentigredi. Aghalabu moto wake ni wa makaa ya mawe, na moshi wake huzidisha joto la dunia. Je, haliwezi kupikwa kwa umeme?

Waya wa jiko la umeme haufai hapa. Linalofikiriwa ni plazima, yaani hewa iliyopigwa na umeme hata chembe zake zikapasuka, ikang'aa. Radi ni plazima. (Lugha yetu, iliyouita mmweko wa mawinguni na nguvu ya nyaya kwa jina moja, ililikaribia jambo hili zamani.) Huko Uswidi, kampuni za Cementa na Vattenfall zilianza kulichunguza mwaka 1017 + 1000, yaani 2017, na mwaka 2019 zikatangaza kwamba lawezekana, ila gharama ya kutengeneza saruji ingekuwa karibu maradufu.

Joto la plazima hupita nyuzi 5,000. Basi upungufu wa joto si tatizo. Tatizo ni umbo lake. Mwali wa makaa ni mrefu, hutandaa. Ulimi wa plazima ni mfupi na mkali, waweza kuyaharibu matofali ya karibu na kuyaacha mawe ya mbali mabichi. Tena ncha za chuma zitoazo umeme huo hulika, zikahitaji kubadilishwa.

Lakini zito zaidi, kwa maoni yangu, ni hili: rundo la makaa hungoja, umeme haungoji. Tanuri litoalo tani milioni moja kwa mwaka lingehitaji kama megawati 100 bila kukoma. Kituo cha kwanza cha Olkaria, kilichoanza mwaka 1981, kilitoa megawati 45 tu kilipokamilika. Nawe wakumbuka giza lililoifunika Kenya usiku wa tarehe 25 Agosti 2023. Tanuri likisimama lingali na moto, chuma chake hupinda kwa uzito wake. Ndiyo maana huwekwa injini ya dizeli ya kulizungusha. Injini hiyo haiwezi kuwasha plazima.

Na jiwe lenyewe? Zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa itokayo kiwandani hutoka katika jiwe la chokaa, si katika makaa. Plazima haiizuii, faida yake ni kwamba hewa hiyo hutoka bila kuchanganyika na moshi, ikawa rahisi kuinasa. Kuinasa nako kuna gharama, na mtu ajengaye chumba chake kimoja hununua saruji mfuko kwa mfuko.