Mlima Hauhami

Akina mama wenzetu, tusikilizeni kwanza kabla ya kucheka. Sisi ni wanawake watatu, mmoja wa Musoma, mmoja wa Bunda na mmoja wa Butiama. Tulisoma sekondari pamoja, tukaolewa, tukazaa, na sasa wajukuu wameanza kuja. Mwaka juzi, tulipokuwa tumekaa jikoni kwenye msiba, mwenzetu wa Butiama aliuliza, "Hivi sisi tutakutana misibani tu mpaka lini?" Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kwenda pamoja kupanda Mlima Kenya.

Mtauliza, kwa nini nchi ya jirani na Kilimanjaro tunao? Sababu ya kwanza ni kwamba binti wa mwenzetu wa Musoma ameolewa Nanyuki, mji ulio chini ya Mlima Kenya, kwa hiyo pa kulala tunapo. Sababu ya pili ni fedha. Kilimanjaro una mita 5,895, na gharama zake zilitushinda. Mlima Kenya una mita 5,199, lakini vilele vyake viwili vya juu, Batian na Nelion, ni miamba ya kupandwa kwa kamba. Sisi wa kawaida huishia kilele cha tatu, Lenana, chenye mita 4,985, ambacho hufikiwa kwa miguu. Juu ya mlima huo ndiko Kisoi Munyao alikopandisha bendera ya Kenya wakati wa uhuru, Desemba 1963, miaka miwili baada ya Alexander Nyirenda kuwasha Mwenge juu ya Kilimanjaro. Mtoto aliyekulia Butiama, kijiji cha Mwalimu Nyerere, amelelewa na habari za Mwenge huo.

Waume zetu walicheka. Mmoja aliuliza, "Huko mlimani mnafuata kuni?" Hatukubishana nao. Tulinunua daftari.

Kuhesabu gharama

Mfano wa mnara katika Luka 14 tumeusikia mara nyingi kanisani, ila safari hii tulilazimika kuutenda. Kila mmoja alitoa shilingi 60,000 kwa mwezi katika kikoba chetu. Ukurasa mmoja wa daftari ulikuwa wa fedha, mwingine wa nani atapika na kuangalia watoto nyumbani, mwingine wa karatasi za mpakani Sirari: pasi au hati ya muda kutoka Uhamiaji, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Tarehe ndiyo iliyotusumbua. Kwanza tulichagua mwisho wa Machi, shule zikiwa zimefungwa, ili watoto wakubwa wawaangalie wadogo. Binti wa Nanyuki akatuonya kwa simu, "Mama, mwisho wa Machi huku ni mvua." Huko Ulaya Machi ni mwezi wa theluji kuanza kuyeyuka. Kwetu ni mwezi wa mawingu kukusanyika. Masika ya mlima ule huanza Machi na kuendelea hadi Mei, njia hugeuka tope, na juu huwa theluji na ukungu. Tukarudisha safari hadi wiki ya kwanza ya Machi. Maana yake ilikuwa kumaliza kazi za shamba mapema na kuwaombea watoto kwa bibi zao.

Jambo la pili lilikuwa siku za kupanda. Musoma iko juu kidogo ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Karibu na mita 5,000, kila pumzi unayovuta ina hewa ya oksijeni karibu nusu tu ya ile ya pwani. Mwili huzoea, lakini hauzoei kwa haraka. Ushauri wa kawaida ni kwamba ukishapita mita 3,000, usilale juu ya ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500 hivi. Katika njia ya Sirimon tuliyoichagua, kambi ya Old Moses iko mita 3,300, na inayofuata, Shipton's, iko mita 4,200. Ni kuruka mita 900 kwa siku moja! Kwa hiyo tuliandika siku sita: usiku mbili Old Moses, usiku mbili Shipton's, kilele alfajiri ya siku ya tano, kisha kushuka. Mwongozaji alisema wengi hufanya kwa siku nne. Tulimjibu kwamba wengi hao hawana wajukuu.

Nguo tulipata kwa mitumba: makoti ya baridi, sweta za sufu, soksi nene. Suruali zilihitaji kikao chake, maana sisi ni akina mama wa kanisa na tunajulikana. Tulikubaliana kuvaa kitenge juu yake hadi getini.

Siku ya Balili

Kila Jumamosi tulifanya mazoezi, leo vilima vya Butiama, wiki ijayo mlima wa Balili pale Bunda, kila mmoja na kilo tano za mchele mgongoni. Jumamosi moja ya Januari, wiki sita kabla ya safari, mwenzetu wa Bunda aliketi juu ya jiwe katikati ya Balili, akashika kichwa. Tulimpa maji. Akaanza kulia.

"Nimeacha vidonge vya presha tangu Novemba," alisema. "Niliogopa daktari akiona kadi yangu atanizuia."

Tulimshusha polepole, tukaenda naye kupimwa siku ile ile. Kipimo kilisoma 180 kwa 110. Daktari hakumgombeza. Alieleza kwamba mtu mwenye presha iliyotulizwa kwa dawa anaweza kupanda mlima akiruhusiwa, lakini presha iliyoachwa bila dawa ni hatari hata jikoni, na huko juu huweza kupanda zaidi siku za mwanzo.

Kilichotuumiza zaidi kilikuwa nyumbani. Mume wake alikuwa ameuza mbuzi wawili ili amnunulie viatu vya mlimani. Alikubali safari akiamini mkewe anameza dawa kila asubuhi. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Mlima ningekuruhusu. Kufichwa ndiko kulikoniuma." Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua, lakini kabla ya kifo, siri hiyo huanza kuumbua ndoa.

Tukubali pia kosa letu. Sisi wawili tulikasirika, maana malipo ya awali yalikwisha kutumwa. Usiku ule tulipigiana simu na kusema maneno yasiyopendeza: twende wawili, yeye abaki. Kesho yake tulifungua daftari. Tuliandika bei ya buti na ya tochi, lakini hapakuwa na ukurasa hata mmoja uliouliza, "Afya yako ikoje?" Tulimwona akichoka kuliko sisi tangu Desemba, tukamcheka kuwa amenenepa. Siri yake ilipata pa kujificha kwa sababu hatukuuliza.

Tuliahirisha mwaka mzima. Sehemu ya malipo haikurudi.

Ukurasa wa kwanza

Sasa daftari letu lina ukurasa mpya mwanzoni. Kila mmoja ameandika, mbele ya mume wake, magonjwa aliyo nayo na dawa anazotumia. Presha ya mwenzetu imepimwa kila wiki na kuandikwa. Imetulia, na daktari amemruhusu, kwa sharti la kwenda polepole na kutoruka dawa.

Chini yake yako masharti ya mlimani. Anayeumwa kichwa, kutapika au kuona kizunguzungu atasema hapo hapo, hakuna kusema "niko sawa." Asiyepata nafuu hapandi tena hata hatua moja. Anayeyumba kama mlevi, au anayekosa pumzi akiwa ameketi, anashushwa hata kama ni usiku wa manane, na hashuki peke yake.

Akina mama, huenda ninyi hamna mlima wa kupanda. Lakini wangapi kati yetu tunaficha kadi ya kliniki chini ya godoro ili harusi, kilimo au safari isisimame? Mwambie mwenzio leo. Harusi husogezwa, na mlima hauhami.

Jumatatu tunavuka Sirari. Tukifika Lenana tutamshukuru Mungu, na tukigeukia Shipton's tutamshukuru vilevile, mradi turudi watatu.